Nywele za zambarau: nizitunzeje nyumbani ili rangi isichuje upesi?

Mkaaji wa Mbezi (swali)

Salaam kwenu ndugu wanajukwaa. Naomba msaada wa wale wanaofahamu utunzaji wa nywele zilizopakwa rangi kali, kwa kuwa ushauri mwingi ninaokutana nao umeandikwa kwa ajili ya watu wenye nywele laini wanaooshea maji ya bomba yasiyo na chumvi, na mimi sina hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Nywele zangu ni za kipilipili, hazijawahi kuwekwa dawa, na nimezikata fupi. Saluni walizipiga blichi mpaka zikawa njano, kisha wakazipaka zambarau iliyokolea. Rangi hiyo ninaipenda kwa dhati na sina nia ya kuiacha. Tatizo ni kwamba kila ninapoosha, maji hutoka ya zambarau; foronya na mitandio yangu imeshika madoa; na sasa nywele za mbele zimefifia zikawa na rangi ya majivu yenye ukahawia, ilhali za kisogoni bado zimekolea. Maji ya nyumbani kwetu ni ya kisima, yana chumvi, na sabuni haitoi povu la kutosha. Kazi yangu hunitoa nje juani sehemu kubwa ya mchana, natoka jasho, na kwa hiyo nimezoea kuosha kichwa kila baada ya siku mbili.

Maswali yangu ni haya. Kwanza, jirani ameniambia niloweke nywele kwenye maji ya chumvi na siki ili rangi ishike, kama tunavyofanya kwa kanga mpya. Je, jambo hilo lina ukweli kwa nywele? Pili, je, naweza kuongeza rangi mwenyewe nyumbani bila kurudia blichi? Tatu, kuna jambo ambalo saluni hawakuniuliza: miaka kadhaa iliyopita nilipakwa piko mikononi kwa ajili ya harusi, na ngozi ikatoka malengelenge kila palipopita mchoro. Je, hilo lina uhusiano wowote na rangi za nywele?

Natanguliza shukrani.

Msusi, Tanga

Mdogo wangu, karibu. Nitaanza na rangi yenyewe, kwa sababu mtu akishajua ni rangi ya aina gani iliyo kichwani mwake, maswali mengi hujijibu. Rangi nyeusi na za kahawia zinazouzwa kwenye paketi zenye vifuko au chupa mbili huwa ni za kudumu: zikichanganywa na peroksaidi, chembe ndogo zisizo na rangi huingia ndani ya unywele, huko huungana, zikawa kubwa kiasi cha kushindwa kutoka. Zambarau, buluu, kijani na waridi kali kwa kawaida hazifanyi kazi hivyo. Hizo ni rangi zilizokwisha kuwa rangi ndani ya kopo, hupakwa moja kwa moja bila peroksaidi, nazo hukaa kwenye magamba ya nje ya unywele na kina kidogo tu chini yake. Kuchuja ndiyo tabia yake. Kwa hiyo usiwalaumu waliokupaka kwa sababu tu maji yanatoka na rangi, maana hakuna fundi awezaye kuifanya zambarau ya namna hiyo idumu kama nyeusi ya paketi. Anayetaka kukaa nayo hupunguza kile kinachotoka, kisha hurudisha kilichotoka, na kazi yote ya nyumbani iko katika mambo hayo mawili.

Majivu unayoyaona mbele yana sababu yake. Njano na zambarau zikikutana huzimana, na ndiyo maana wenye nywele za njano hutumia shampuu ya zambarau ili kupunguza unjano. Zambarau yako ilipokuwa imekolea iliifunika njano iliyoachwa na blichi. Ilipopungua, kikabaki kiasi cha kuzimana nayo tu, matokeo yakawa huo ukahawia wa majivu. Nywele za mbele zimetangulia kwa sababu aghalabu ni nyembamba zaidi, hupigwa na jua moja kwa moja, na huloa kila unaponawa uso. Kama ungepaka buluu juu ya njano hiyo, ingefifia kuelekea kijani. Nyekundu hufifia kuelekea chungwa au waridi, na kwa maoni yangu ndiyo rangi kali iliyo rahisi kuliko zote kuishi nayo, kwa kuwa hata inapopungua hubaki na sura ya kupendeza na haihitaji nywele zipaushwe mno.

Sasa kuhusu kuosha. Kila siku mbili ni mara nyingi mno kwa nywele zilizopigwa blichi, hata kama zisingekuwa na rangi. Osha kwa shampuu mara moja kwa siku saba hadi kumi. Katikati ya juma, jasho likikusumbua, lowesha kitambaa safi, kikamue, ufute ngozi ya kichwa taratibu kwa kufuata mistari uliyogawa kwa kichanuo, bila kulowesha urefu wa nywele. Ukiona lazima uoshe, osha kwa kondishona peke yake. Shampuu yenyewe iweke kwenye ngozi ya kichwa, si kwenye ncha. Povu litakaloteremka wakati wa kusuuza linatosha kusafisha urefu uliobaki. Tumia maji baridi au ya uvuguvugu mdogo. Usikae chini ya bomba ukifikiri mambo mengine, kwa maana kila dakika ya maji ni rangi inayoondoka.

Baada ya hapo usizisugue kwa taulo. Zikamue kwa fulana ya zamani yenye rangi ya giza, paka kondishona ya kuacha kichwani, na uziache zikauke zenyewe. Usilale na nywele mbichi, maana nywele mbichi ndizo zinazochafua foronya. Zikikauka kabisa na ukavaa kofia ya satini, madoa hupungua mno. Drayeri itumie kwa upepo wa baridi. Pasi ya nywele ningekushauri uiache, na kama huna budi, isizidi nyuzi 180 na nywele ziwe kavu kabisa.

Kuongeza rangi nyumbani inawezekana, na ndilo jambo lenye faida kuliko yote utakayosoma hapa. Huhitaji blichi, kwa kuwa unjano uko tayari na unachorudisha ni rangi ya juu tu. Nunua rangi ileile ya kupaka moja kwa moja, isiyo na chupa ya peroksaidi, pamoja na kondishona nyeupe isiyo na rangi yake yenyewe. Changanya sehemu moja ya rangi na sehemu mbili au tatu za kondishona katika bakuli jeupe, na uutazame ukolevu wake, kwa sababu mchanganyiko ukionekana hafifu bakulini, kichwani utakuwa hafifu zaidi. Kwa nywele zako za mbele tumia rangi tupu bila kondishona. Kisogoni tumia mchanganyiko. Kosa ninaloliona mara nyingi ni watu kupaka kichwa kizima kwa nguvu moja, kisha kisogo kikawa cheusi na paji likabaki pale pale.

Kabla ya kupaka, osha kwa shampuu bila kondishona na uache nywele zikauke, kwa kuwa unywele uliojaa maji au uliofunikwa na mafuta hauipokei rangi vizuri. Paka mafuta ya mgando kwenye paji, masikio na shingo, vaa glovu, gawa nywele sehemu nne, na upake kwa brashi mafungu membamba mpaka kila unywele ufunikwe. Nywele za kipilipili huficha mabaka, nawe hutayaona mpaka zimekauka. Vaa kofia ya plastiki kwa dakika 30. Ukiwa na stimu, ile mashine ya mvuke ya saluni, joto la wastani husaidia, lakini si lazima. Kisha suuza kwa maji baridi hadi yakaribie kuwa meupe, na umalizie kwa kondishona. Rudia hivyo kila baada ya majuma mawili au matatu, wala usisubiri mpaka rangi iishe, kwani kukoleza ni rahisi kuliko kuanza upya. Rangi tupu iliyosalia koponi, kama haikuingiwa na maji wala vidole, unaweza kuihifadhi. Ile ya peroksaidi ikishachanganywa hutupwa, na isifungiwe kamwe katika chupa, kwa sababu huendelea kutoa gesi na chupa inaweza kupasuka.

Mwalimu wa kemia, Morogoro

Msusi amesema yaliyo muhimu, nami naongeza maelezo ya maji, chumvi na siki, kwa kuwa hapo ndipo penye imani nyingi zisizo na msingi.

Unywele ukiloa huvimba. Unene wake huongezeka kwa takriban asilimia 15, magamba yake hunyanyuka, na chembe za rangi zilizo karibu na nje hupata njia. Unywele uliopigwa blichi hunywa maji upesi zaidi, kwa sababu peroksaidi huondoa tabaka jembamba la mafuta lililofungamana na magamba na kuvunja baadhi ya viungo vya salfa vinavyoshikilia protini ya keratini. Ndiyo maana nywele zako huloa mara moja zikiguswa na maji, ilhali nywele zisizoguswa na dawa yoyote huacha matone yateleze. Kutokana na hayo, maji ndiyo yanayoondoa sehemu kubwa ya rangi, na shampuu huja nyuma yake. Watu hutumia fedha nyingi kutafuta shampuu isiyo na salfeti, yaani kemikali kali za kutoa povu, nami sisemi kwamba haina faida, maana hukausha kidogo kuliko zile kali. Lakini anayeosha kila baada ya siku mbili kwa shampuu ya bei ghali atapoteza rangi upesi kuliko anayeosha mara moja kwa juma kwa shampuu ya kawaida.

Chumvi kwa kanga ina mantiki fulani. Pamba haina chaji kubwa ya kuivuta rangi, na baadhi ya rangi za pamba zenye chaji hasi husukumwa na chumvi zishike kwenye uzi wakati wa kutiwa rangi kiwandani. Nywele ni protini, na rangi nyingi kali za nywele zina chaji chanya, ambazo hushika kwa kuvutwa na chaji hasi zilizozalishwa na blichi kwenye unywele. Ukiongeza chumvi nyingi katika maji hayo, unaudhoofisha mvuto uleule unaouhitaji. Tena chumvi hukausha, na nywele zako tayari zina kiu. Kwa hiyo jirani yako ametoa ushauri mzuri kwa kitambaa, usiofaa kwa kichwa.

Siki ni jambo jingine. Haifungi rangi kwa maana ya kuikaza isitoke, lakini ina faida ya kweli kwako kwa sababu ya maji ya kisima. Maji magumu aghalabu huwa na pH (kipimo cha uasidi) iliyopanda juu ya 7, yaani si asidi, na unywele hutulia zaidi katika hali ya uasidi mdogo, ambamo magamba hulala na msuguano hupungua. Kijiko kimoja cha chakula cha siki ya kawaida, ile yenye asidi ya asetiki ya asilimia 4 hadi 5, katika nusu lita ya maji safi kinatosha kuwa maji ya mwisho ya kusuuzia. Usitie siki bila kuizimua kwa maji, na usiitumie ngozi ya kichwa ikiwa na vidonda. Ukiwa na kondishona nzuri, jambo hilo limekwisha kufanyika, maana kondishona nyingi hutengenezwa zikiwa na uasidi wa kutosha.

Sasa kisima chako. Visima vingi vya Dar es Salaam, hasa vilivyo karibu na pwani, vina chumvi kwa sababu maji ya bahari hupenya ardhini kadiri maji yasiyo na chumvi yanavyovutwa. Pamoja na chumvi hiyo huweza kuwamo kalsiamu na magnesiamu, na hizo ndizo zinazozuia povu la sabuni na kuacha utando mgumu juu ya unywele, ambao huifanya rangi ionekane imefifia hata pale ambapo bado ipo. Kama ndoo zako hupata madoa ya kutu, basi kuna chuma pia, nacho huongeza ukahawia. Nadhani sehemu ya majivu unayoyaona ni hayo, si rangi peke yake.

Kuchemsha kunasaidia nusu tu. Ugumu unaotokana na baikaboneti huondoka kwa kuchemshwa, ndiyo ile chokaa nyeupe inayobaki sufuriani, lakini chumvi ya kawaida na salfeti za kalsiamu hazitoki. Njia bora ni kutumia maji ya kisima kuondoa shampuu, kisha kusuuza kwa lita mbili au tatu za maji laini. Maji ya mvua ni laini kabisa. Wakati wa masika na vuli yakinge baada ya mvua ya kwanza kusafisha paa, uyaweke katika ndoo yenye kifuniko, na kwa kichwa chenye nywele fupi ndoo moja itakutosha kwa siku nyingi. Kwa utando uliokwisha kujijenga, tafuta shampuu ya kuondoa madini, ambayo kwenye orodha ya viambato vyake utaona EDTA. Hiyo hunyakua kalsiamu na chuma, lakini huondoa na rangi pia. Kwa hiyo itumie siku ileile utakayopaka rangi upya, kabla ya kupaka, si siku nyingine yoyote.

Kuhusu jua, melanini, yaani rangi ya asili ya nywele, iliyoondolewa na blichi ndiyo iliyokuwa ikiukinga unywele dhidi ya mionzi. Sasa haipo, na mionzi huvunja chembe za rangi na keratini kwa pamoja. Hakuna krimu inayoshinda kitambaa. Kilemba cha kanga ya rangi ya giza, chenye utando wa satini ndani, kitakufaa kazini kuliko chupa yoyote ya kupuliza.

Mfamasia, Mombasa

Dadangu, nimesoma maelezo ya wenzangu na nimeyafurahia, lakini naomba kabla hujanunua chochote usome hili la piko, kwa kuwa kwangu ndilo zito kuliko mengine yote.

Hina safi ya majani hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia nyekundu, na ni nadra kumdhuru mtu. Piko nyeusi inayokoza kwa muda mfupi mara nyingi huwa ni rangi ya nywele, na kiambato chake kikuu ni parafenilinidiamini, inayoandikwa kwenye paketi kwa herufi PPD. Katika Umoja wa Ulaya, rangi ya nywele inayopakwa hairuhusiwi kuwa na zaidi ya asilimia 2 ya kiambato hicho, na kukipaka juu ya ngozi hakuruhusiwi kabisa. Piko ya mitaani hupakwa juu ya ngozi moja kwa moja, huachwa kwa saa nyingi, na hakuna ajuaye ukali wake. Malengelenge yaliyofuata mchoro, kama ulivyoyaeleza, ni dalili ya mzio wa kugusana. Mwili ukishajifunza kuikataa PPD hausahau, hata ikipita miaka mingi, na mara ya pili huwa kali kuliko ya kwanza: uso kuvimba, macho kufumba, ngozi ya kichwa kutoka maji, na kwa wachache shida ya kupumua inayohitaji hospitali mara moja.

Habari njema ni kwamba zambarau ya kupaka moja kwa moja kwa kawaida haina PPD, na huenda ndiyo maana hujadhurika. Hata hivyo usilichukulie jambo hili kwa wepesi. Rangi nyeusi, kahawia na nyekundu za kudumu karibu zote zina PPD au ndugu yake wa karibu, toluini-2,5-diamini, na mwenye mzio wa moja mara nyingi hudhuriwa na ya pili pia. Kwa hiyo siku utakapochoka na zambarau ukataka kurudi kwenye nyeusi, usipakwe nyeusi ya paketi. Mwambie msusi wako, kila msusi, hata kama hakuuliza. Mwambie na daktari wa meno, kwa sababu baadhi ya dawa za ganzi za kupaka, kama benzokaini, zinaweza kuamsha mzio huo huo.

Kabla ya kutumia kopo jipya la rangi, hata la aina uliyoizoea, paka kiasi kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, acha saa 48 bila kuosha mahali hapo, na utazame kama kuna wekundu, mwasho au uvimbe. Kwa mtu mwenye historia yako ningependa zaidi uende kwa daktari wa ngozi akupime kwa vibandiko vya mgongoni, ili ujue kwa hakika unachokikataa badala ya kukisia.

Jambo la mwisho upande wangu ni ununuzi. Rangi kali siku hizi hupimwa na kuuzwa rejareja katika vikopo visivyo na maandishi. Usinunue hizo. Nunua kopo lililofungwa, lenye orodha ya viambato, tarehe ya mwisho na jina la mtengenezaji, na kwenu Tanzania angalia kama bidhaa imesajiliwa na TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambao ndio wanaosimamia vipodozi tangu mwaka 2019. Orodha ya viambato ndiyo ulinzi pekee ambao mtu mwenye mzio anao.

Mkaaji wa Mbezi

Nawashukuru sana, dada msusi, mwalimu na mfamasia. Nitamwona daktari wa ngozi kabla ya kugusa kopo jingine, na suala la nyeusi ya paketi nimelielewa.

Nimebaki na maswali mawili. Nywele mpya zimeanza kuota nyeusi chini ya zambarau. Je, nizipige blichi nyumbani, au niache? Na je, nikisuka kwa rasta majuma machache ili nipumzishe nywele, rangi itadumu zaidi, au nitaziumiza? Nauliza pia kwa sababu mwisho wa juma huwa tunakwenda kuogelea baharini, na sijui kama niache kabisa.

Msusi, Tanga

Blichi usiipige mwenyewe, mdogo wangu, na hapo nasema bila kusita. Kupaka rangi ya juu ukikosea, utaosha. Blichi ikikosea, nywele hukatika. Unywele wa kipilipili una mikunjo mingi, na kila mkunjo ni mahali dhaifu. Blichi ikiangukia juu ya sehemu iliyokwisha kupaushwa, hukatikia hapo hapo kwenye mpaka, na kuupaka mpaka huo bila kuuvuka ukiwa unajitazama kwenye kioo ni karibu muhali. Tena nywele zilizo karibu na ngozi hupauka upesi zaidi kwa sababu ya joto la kichwa, kwa hiyo fundi mzuri hutumia hapo peroksaidi ya asilimia 6 badala ya zile za 9 au 12, naye hutazama kila baada ya dakika chache. Blichi haitakiwi ifike kwenye weupe: kwa zambarau iliyokolea kama yako, njano ya wastani inatosha, na ile njano hafifu kama ndani ya ganda la ndizi ni ya wale wanaotaka rangi hafifu.

Mimi ningekushauri uache mizizi iwe nyeusi. Nywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi, na za kwetu mara nyingi pungufu ya hapo, kwa hiyo mabadiliko yatakuwa ya polepole. Zambarau iliyokolea na nyeusi zinaelewana. Ukikoleza kwenye mpaka wao kwa rangi tupu, mpito huonekana kama ulikusudiwa. Utaokoa nywele, utaokoa fedha, na ngozi ya kichwa itapumzika. Kama utarudi saluni, nenda baada ya miezi mitatu au minne, na uulize kabla ya kuketi kama watapaka mizizi peke yake.

Rasta kwa majuma manne zinafaa, kwa kuwa hutaosha mara kwa mara wala jua halitagusa nywele zako moja kwa moja, ila zisiwe nyembamba, zisikazwe kwenye paji, na nywele bandia ziwe nyepesi. Nywele za mbele zilizochoka usizisuke kabisa. Ziache nje au zifungwe kwa mabutu malegevu. Koleza rangi na uweke kondishona nzito siku moja kabla ya kusuka, kisha ziache zikauke kabisa. Ukisuka nywele mbichi, rangi itahamia kwenye nywele bandia zenye rangi nyepesi, na ndani ya msuko patatoa harufu. Wakati wa kufumua usivute. Paka mafuta ya nazi, subiri, fumua kwa vidole. Mafuta ya nazi ni miongoni mwa mafuta machache yanayoingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, kwa hiyo hata usiposuka, yapake kwenye ncha saa chache kabla ya siku ya shampuu. Yakae tu mbali na siku ya kupaka rangi, kwa sababu uliyoisikia hapo juu.

Bahari usiiache. Kabla ya kuingia, lowesha nywele kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha paka kondishona kwa wingi, uzibane na uvae kofia ya kuogelea. Unywele uliokwisha kushiba maji safi hupokea maji ya chumvi kidogo sana. Ukitoka, suuza mara moja kwa maji uliyobeba, bila shampuu. Bwawa lenye klorini ni baya zaidi kuliko bahari kwa rangi yako, na huko kofia ni ya lazima. Vaa nguo ya kuogelea ya rangi ya giza, na chukua kanga kuukuu ya kujifutia, maana hata ukifanya yote haya zambarau kidogo itatoka mabegani.